Kosa la Kibodi Ni Kosa la Tiba

Hotuba kwa watumishi wa zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya

Waganga wafawidhi, wauguzi na wakunga, wateknolojia wa maabara, wafamasia, waratibu wa MTUHA (mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya) na wa chanjo, ndugu zangu wahudumu wa afya ngazi ya jamii: itifaki imezingatiwa.

Hakuna kituo kinachomkabidhi muuguzi mashine ya presha kabla hajaonyeshwa mkanda unavyofungwa, na kwa nini mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa presha ya juu isiyo ya kweli. Lakini kishikwambi hufika kwenye boksi, kikatiwa chaji, mtu mmoja akaelekezwa kwa siku moja, na kesho yake tunakikabidhi uzito wa watoto, tarehe za mimba, dozi na hesabu ya dawa stoo. Presha ikisomwa vibaya tunajua anayeumia. Uzito ukiandikwa vibaya kwenye skrini, anayeumia ni yuleyule.

Chukueni mtoto wa kilo 12.5 mwenye malaria kali. Wengi wetu tumezoea kuandika mkato mahali pa nukta: 12,5. Programu nyingine itakataa. Nyingine itaumeza ule mkato na kubaki na 125. Artesunate ya sindano kwa mtoto wa chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kila kilo, kwa hiyo huyu anastahili miligramu 37.5. Programu iliyoambiwa kilo 125 inamhesabia miligramu 2.4 kwa kilo kama mtu mzima, na inatoa 300. Ni mara nane. Muuguzi mzoefu atashtuka. Aliyechoka, saa tisa usiku, peke yake wodini, anaweza asishtuke, hasa kama tumemzoesha kwamba kompyuta haikosei. Kompyuta haikosei kuzidisha, lakini mtoto haimwoni. Kwa hiyo kabla hujabofya pa kuhifadhi, isome namba kwa sauti huku unamtazama mtoto, usitazame kibodi. Hiyo ndiyo kazi niliyokuja kuizungumzia. Uelewa wa kidijitali kwa mtumishi wa afya si cheti cha kozi ya kompyuta. Ni kujua namba unayoiandika inakwenda wapi, na kuikagua kabla haijaondoka mkononi mwako.

Tuangalie kwanza zinakokwenda. MTUHA tumekuwa nayo tangu miaka ya 1990, ikiwa vitabu vitupu. Kufikia mwisho wa 2013 taarifa za mwezi zilikuwa zinaingizwa kwenye DHIS2 Tanzania Bara nzima, mfumo wa kompyuta wa kukusanya takwimu za afya uliozaliwa kwenye kazi ya Chuo Kikuu cha Oslo na washirika wake, nao wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaufanyia kazi ukaendana na mazingira yetu. Baada ya hapo mifumo imeongezeka: kuna wa kumsajili na kumhudumia mgonjwa kituoni, wa dawa, wa chanjo, wa kliniki ya tiba na matunzo kwa wenye VVU, wa madai ya bima. Na vitabu havijaondoka. Kitabu cha 5 cha wagonjwa wa nje kipo, cha 6 cha wajawazito kipo, cha 7 cha watoto, cha 12 cha leba. Mjamzito mmoja huandikwa kwenye kadi yake, kwenye rejista, kwenye karatasi ya tali ya kuhesabia, kwenye fomu ya mwezi, kisha kwenye kompyuta. Kila kuhamisha ni mlango wa kosa, na makosa yenyewe si ya ajabu. Ni yaleyale machache, kila wilaya.

La kwanza ni letu sisi tunaosema Kiswahili, na mafunzo yaliyoandikwa nje hayawezi kulitaja. Ni saa. Mama anajifungua saa mbili asubuhi. Mkunga anaandika 2:00, kwa sababu ndiyo saa aliyoitamka. Mfumo unasoma saa nane usiku. Mtoto ameongezewa saa sita za umri ambazo hakuziishi. Ikiwa, Mungu aepushe, amefariki kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, ameishi saa 22, lakini kwenye mfumo atakuwa ameishi saa 28, naye anahama kutoka kundi la vifo vya ndani ya saa 24. Kwa mgonjwa aliye hai hatari ni kubwa zaidi. Artesunate hutolewa anapopokelewa, baada ya saa 12, na baada ya saa 24. Dozi ya kwanza iliyotolewa saa nane mchana ni 14:00. Ukiiandika 8:00, zamu ya usiku itaambiwa dozi ya pili ni 20:00, yaani saa mbili usiku, wakati wake halisi ni saa nane usiku. Vivyo hivyo kwa patografu, chati ya kufuatilia uchungu, na kwa sindano za antibayotiki.

Kanuni ni moja na inatosha kubandikwa ukutani karibu na saa. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ongeza sita: saa tatu asubuhi ni 9:00, saa kumi na moja jioni ni 17:00. Kuanzia saa moja usiku hadi saa tano usiku, ongeza kumi na nane: saa tatu usiku ni 21:00. Saa sita usiku ni 00:00, na hapo tarehe inageuka. Kuanzia saa saba usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, toa sita: saa kumi alfajiri ni 4:00. Kwa wenzetu wa Pwani na Visiwani kuna jambo la ziada. Bibi akisema mimba ilianza kusumbua "usiku wa Ijumaa", yawezekana kabisa anasema usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa hesabu ya siku inayoanza jua linapozama. Muulize: ni kabla ya Ijumaa kupambazuka, au baada ya Ijumaa kuchwa? Kisha ndipo uandike tarehe.

Tarehe nayo ina mtego wake. Kompyuta nyingi hutoka dukani zikiwa na mpangilio wa Marekani, mwezi mbele siku nyuma. Mjamzito anasema hedhi yake ya mwisho ilianza tarehe 3 Aprili. Unaandika 03/04, kompyuta inaelewa tarehe 4 Machi. Tofauti ni siku 30. Mimba ya wiki 36 inasomeka wiki 40 na siku mbili, na mama anaweza kuanza kuandaliwa kuanzishiwa uchungu huku mtoto bado hajakomaa. Ubaya wa kosa hili ni kwamba linajificha. Tarehe 13 na kuendelea hakuna mwezi wa kumi na tatu, kwa hiyo kompyuta itakataa au itaiacha ilivyo. Zinazogeuka kimyakimya ni zile za siku 12 za mwanzo wa mwezi. Ukiona orodha ya Excel, programu ya majedwali, ambayo nusu ya tarehe zimeegemea kulia kwenye kisanduku na nusu kushoto, mpangilio wa kompyuta yako haulingani na mkono wako. Fungua mipangilio ya kompyuta, sehemu ya saa na lugha, kwenye eneo chagua nchi inayoanza na siku, halafu jaribu tarehe moja kabla ya kuendelea. Na popote unapoweza, andika mwezi kwa herufi.

Nikiwa bado kwenye Excel, kuna jambo linaloharibu orodha za wateja bila mtu kujua. Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20. Excel huhifadhi kwa usahihi tarakimu 15 za mwanzo tu, zilizobaki huzigeuza sifuri. Ukichapa namba ya mteja moja kwa moja, tano za mwisho zimekufa, na hazirudi hata ukibadili mpangilio baadaye. Namba ya simu nayo hupoteza sifuri ya mbele. Dawa yake: kabla hujachapa chochote, chagua safu nzima, ipe mpangilio wa maandishi, ndipo uanze. Kwa seli moja moja, tanguliza alama ya ritifaa ('). Na kwa kuwa tarakimu nane za mwanzo za NIDA ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, zitumie kuhakiki umri ulioandikwa. Hiyo ni hakiki ya bure.

Majina. Hadija, Khadija, Hadidja. Athumani, Othman, Asumani. Mwajuma na Mwanajuma. Zuhura na Zuhra. Sikio linasikia mtu mmoja, mfumo unaona watu watatu. Mtumishi anatafuta "Khadija", hampati, anamsajili upya, na sasa mtoto ana kumbukumbu mbili: kwenye moja amepata chanjo ya kwanza, kwenye nyingine ya pili na ya tatu. Yule wa kwanza anahesabika mtoro. Mhudumu wa jamii anatumwa kilomita nane kumtafuta mtoto ambaye kadi yake imejaa. Kwa hiyo kusajili mtu mpya kuwe jambo la mwisho. Anza kutafuta kwa namba ya kadi ya kliniki, kisha namba ya simu ya mama, kisha jina la baba au la ukoo, kisha jina la kwanza kwa tahajia mbili tatu. Ukikosa kote, sajili, na jina ulinakili kutoka kwenye kitambulisho au kadi, usiliandike kwa sikio. Mchanga ambaye hajapewa jina msajili kwa jina la mama, tarehe na saa ya kuzaliwa, na uweke utaratibu wa kurudi kulijaza siku ya chanjo inayofuata. Pasipo utaratibu huo, "Mtoto wa Zainabu" watakuwa kumi kabla mwaka haujaisha.

Sasa nije kwenye fomu ya mwezi, ambako waratibu wa MTUHA hukesha. Kisanduku kitupu na sifuri si kitu kimoja. Sifuri ni taarifa: tulihesabu, hakuna aliyekuwepo. Kisanduku kitupu ni ukimya: huenda hatukuhesabu, huenda huduma haipo, huenda tulisahau. Kituo kikiacha wazi idadi ya vifo vya uzazi, anayesoma wilayani hawezi kusema hakuna aliyefariki. Na kituo kikijaza sifuri kila mahali ili fomu ionekane imekamilika, hata kwa huduma kisichoitoa, kinapotosha zaidi ya aliyeacha wazi. Kubalianeni kwa kila huduma: inatolewa hapa au haitolewi? Inayotolewa haiachwi tupu kamwe.

Tarakimu kupishana ni kosa la mikono yote iliyochoka: 36 inakuwa 63. Wahasibu wa zamani wana hila yake, na inatufaa. Jumla mbili zinazopaswa kulingana zikitofautiana, toa ndogo kwenye kubwa. Jibu likigawanyika kwa tisa bila baki, shuku kwanza tarakimu mbili zilizopishana. Kutoa 36 kwenye 63 ni 27, tisa mara tatu. Badala ya kuhesabu rejista nzima upya, unatafuta namba moja iliyogeuzwa.

Kisha kuna yale maonyo yanayotokea skrini ikikagua taarifa. Waliopata Penta 3, yaani dozi ya tatu ya chanjo ya Penta, wamezidi waliopata Penta 1, dozi ya kwanza. Hapa naomba tusemezane kwa uwazi. Onyo hilo linapotokea tarehe ya mwisho ya kutuma, saa kumi na moja jioni, kishawishi ni kushusha Penta 3 kidogo au kupandisha Penta 1 ili onyo liondoke. Huko ndiko kupika takwimu, na anayepika mara nyingi si mtu mbaya. Ni mtu aliyedhani onyo ni amri. Onyo ni swali. Kwenye zahanati ndogo, mwezi mmoja, Penta 3 kuzidi Penta 1 kunawezekana kabisa, kwa sababu watoto wa Penta 3 mwezi huu si wale wa Penta 1 mwezi huu. Walianza miezi miwili nyuma. Wakiwa 11 kwa 9, hakuna cha ajabu. Ikiwa mwaka mzima umejumlishwa na bado Penta 3 iko juu, hapo kuna kosa la rejista, au watoto wanaanza kituo kingine na kumalizia kwenu. Kwa mwezi, hakiki na rejista. Kama ni sahihi, iache, andika sababu kwenye sehemu ya maoni ya kisanduku, tuma. Msimamizi anayemkaripia mtumishi kwa onyo lenye maelezo anawafundisha watu wake kudanganya.

Dawa nazo nazitilia uzito, kwa sababu hapo kosa la skrini linamfikia mgonjwa kwa miezi mingi. Mfumo wa kuagiza hukokotoa kutokana na matumizi. Zahanati ilitumia dozi 200 za dawa mseto ya malaria mwezi uliopita, lakini dawa iliisha tarehe 15. Ukiandika 200 na kuacha wazi siku ambazo dawa haikuwepo, mfumo unaamini mwezi mzima unahitaji 200. Mahitaji halisi ni 200 mara 30 gawanya kwa 15, yaani 400. Mwezi ujao mtaletewa kwa kipimo cha 200, zitaisha tena katikati, mtaandika tena 200. Kituo kinaweza kukaa kwenye mzunguko huu mwaka mzima kikiilaumu Bohari ya Dawa, na kisanduku cha siku za kuishiwa kipo palepale kwenye fomu.

Kosa la pili la stoo ni kipimo. Boksi la dawa mseto ya mtu mzima lina dozi 30, kila dozi vidonge 24, jumla vidonge 720. Mfumo ukiuliza kwa dozi, boksi moja ni 30. Ukiuliza kwa vidonge ni 720. Mtu akijibu 720 mahali pa 30, kituo kinaonekana kimejaa dawa mara ishirini na nne, na hakiletewi. Kabla ya kujaza mstari wowote, soma kwanza safu ya kipimo. Na salio la mwisho lisikokotolewe mezani kwa kujumlisha na kutoa. Ingia stoo, hesabu kwa mkono, andika ulichokiona, kisha tafuta tofauti imetoka wapi.

"Mfumo umegoma." Sentensi hii hufunga kazi ya siku nzima, wakati nyuma yake kuna mambo manne tofauti. Fungua ukurasa mwingine wowote wa intaneti. Ukifunguka, mtandao upo, tatizo liko kwenye mfumo wenyewe au anwani uliyoandika. Mpigie msimamizi wa mfumo umtajie maneno yaliyotokea kwenye skrini kama yalivyo. Usipofunguka, angalia bando, angalia kama simu iko kwenye hali ya ndegeni, jaribu laini ya mtandao mwingine. Kama kivinjari kinasema muunganisho si salama kwenye kila ukurasa, tazama tarehe iliyo pembeni mwa skrini. Kompyuta ya mezani ina betri ndogo bapa ndani, mfano wa sarafu; ikifa, kila kompyuta inapokosa umeme tarehe inarudi miaka ya nyuma, na kurasa zenye ulinzi zinaikataa. Rekebisha tarehe, kazi inaendelea. Kisha betri hiyo ibadilishwe, ni kitu cha bei ndogo.

Kwenye ukurasa wa kuingizia takwimu wa DHIS2, kisanduku kikigeuka kijani ndipo namba imehifadhiwa. Mtandao ukikatika, namba zinaweza kubaki ndani ya kivinjari cha kompyuta ileile zikisubiri, na wilaya haizioni. Fundi akija "kuisafisha" kompyuta na kufuta kumbukumbu za kivinjari kabla hazijapakiwa, zimepotea. Akaunti yako ukiifungua kwenye kompyuta ya jirani hutazikuta. Mtandao ukirudi, rudi kwenye mashine ileile, kivinjari kilekile, zipakie, ndipo ubofye pa kukamilisha.

Umeme nausema kwa kifupi. UPS ya chini ya meza, kile kifaa chenye betri ya umeme wa akiba, ni ya kukupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima, haikusudiwi kumaliza zamu. Usichomeke printa ya leza juu yake, inavuta umeme mwingi kwa ghafla. Umeme ukirudi, subiri dakika kadhaa kabla ya kuwasha. Friji ya chanjo iwe na soketi yake peke yake. Nakala rudufu ya seva ya kituo isiwe kwenye flashi moja inayozunguka wilaya nzima ikibeba virusi. Ziwe nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya jengo, na kila robo mwaka mjaribu kuirejesha kwenye kompyuta nyingine.

Siri ya mgonjwa. Nywila, au paswedi kama tulivyozoea, ni saini yako. Akaunti ya nesi wa mchana ikiachwa wazi na wa usiku akaitumia, dozi ya saa nane usiku imeandikwa kwa jina la mtu aliyekuwa nyumbani amelala. Likitokea la kutokea, ataulizwa yeye. Toka kwenye mfumo unapokabidhi zamu, kama unavyokabidhi funguo za dawa za kulevya. Mtumishi akihamishwa, akaunti yake ifungwe wiki hiyohiyo.

Makundi ya WhatsApp yametusaidia sana kuulizana, na sitaki mtu aondoke hapa akidhani tunayapiga marufuku. Mganga wa zahanati akiona upele asioujua, picha kwa daktari wa wilaya inaweza kuepusha rufaa isiyo ya lazima. Lakini picha hiyo ikishatumwa, kwenye simu nyingi imeingia kwenye galari ya kila mwanakikundi, ambayo watoto wao wanaichezea jioni, na huenda imenakiliwa kwenye hifadhi ya mtandaoni. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Omba ridhaa ya mgonjwa. Piga sehemu husika tu, bila uso, bila kadi, bila kanga yenye alama inayomtambulisha. Mtumie daktari mmoja badala ya kundi. Usiandike jina wala kijiji. Umri, jinsia na dalili vinatosha. Kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya mazungumzo, zima ile inayoruhusu picha zionekane kwenye galari. Jibu likishapatikana, linakiliwe kwenye faili la mgonjwa, picha ifutwe pande zote mbili. Tahadhari hiyohiyo ni kwa programu za akili unde: usibandike maelezo yenye jina la mgonjwa, na dozi yoyote itakayokutajia ihakikishe kwenye Mwongozo wa Matibabu wa Taifa.

Yote haya yanafundishwaje? Jirani zetu Kenya mwaka 2023 waliwakabidhi wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 vifaa vya kazi pamoja na simu. Ni hatua kubwa, lakini kugawa simu huchukua siku, kumzoesha mtu kazi ya simu hiyo huchukua miezi. Semina ya mjini inafaa kuutambulisha mfumo mpya. Haifai kujenga mkono. Na mara nyingi anayekwenda semina ni mfawidhi, anayeingiza taarifa ni nesi wa kliniki, ambaye analetewa makabrasha. Fundisheni kituoni, kwenye mashine ileile, dakika 45 kwa wiki, siku isiyo na kliniki kubwa, jambo moja kwa kikao: leo saa tu, wiki ijayo tarehe tu. Tumieni mgonjwa wa mazoezi kwenye mazingira ya mazoezi ya mfumo, kamwe si kwenye kumbukumbu za kweli.

Anzeni na kuchapa. Kituo kina wagonjwa 60 kwa siku. Ikiwa kila mmoja anachukua dakika nne za kidole kimoja kutafuta herufi, ni saa nne za skrini. Zikiwa dakika mbili, ni saa mbili zilizorudi kwa wagonjwa. Ndiyo maana watu huandika kwanza kwenye daftari na kuhamisha jioni, na makosa tuliyoyataja yanazaliwa jioni hiyo. Dakika 15 za kuchapa kila siku kwa wiki chache hubadilisha hali hii kuliko semina yoyote.

Kisha heshima. Mama mkunga mwenye miaka 25 kazini, aliyepokea nusu ya watoto wa kata, anakaa mbele ya kompyuta na kijana aliyeajiriwa juzi anamfundisha. Anachelewa kuipata ile alama. Kijana anasema, "Leta mama nikuonyeshe," anachukua mausi, anabofya mara tatu, kwisha. Mama amejifunza jambo moja tu, kwamba kazi hii si yake. Kijana, mausi ikae mkononi mwa mama. Mikono yako iweke mgongoni. Sema: "Mama, angalia juu kulia, kuna alama ya bluu." Subiri. Akikosea, msubiri akosoe mwenyewe. Mwisho wa kikao yeye akuonyeshe wewe, mwanzo hadi mwisho, bila msaada. Na yeye naye akufundishe kwa nini wiki 36 na wiki 40 si jambo moja tumboni kwa mama, maana hilo kompyuta haitakufundisha.

Kwa timu za usimamizi za halmashauri, mkienda ziara msiishie kuuliza kama mfumo unatumika. Semeni, "Tuonyesheni." Chagueni taarifa moja, kwa mfano waliohudhuria kliniki ya wajawazito kwa mara ya kwanza mwezi uliopita. Hesabuni mstari kwa mstari kwenye Kitabu cha 6, mtazame fomu ya mwezi, mtazame skrini. Mkikuta rejista 38, fomu 38, na mfumo 83, msianze kuandika barua ya onyo. Tofauti ni 45, inagawanyika kwa tisa. Vuteni kiti, kaeni na aliyeingiza, mausi mkononi mwake, arekebishe palepale, kisha mmuulize ilikuwa saa ngapi siku hiyo na alikuwa peke yake na wagonjwa wangapi.